Kwa nini misiba ya corona ilisomwa bila ugonjwa kutajwa, kanisani na msikitini?

#1 KatibuWaJumuiya

Wakuu, heshima kwenu.

Huku kwetu Kilimanjaro msiba haukamiliki bila wasifu wa marehemu. Kazaliwa lini, kasoma wapi, kafunga ndoa mwaka gani, kaacha watoto na wajukuu wangapi. Kisha inakuja aya ya ugonjwa, na hapo hata walioko jikoni huacha masufuria wakasogea kusikiliza: alianza kuugua lini, akapelekwa hospitali ipi, akahamishiwa wapi, akafariki saa ngapi. Sukari inatajwa, presha inatajwa. Saratani siku hizi inatajwa hadi ilianzia wapi.

Mwishoni mwa 2020 na karibu mwaka mzima wa 2021 aya hiyo ikakatwa. "Aliugua kwa muda mfupi." "Alipata changamoto ya upumuaji." Wengine waliruka kabisa, kutoka watoto aliowaacha moja kwa moja hadi "Bwana alitoa na Bwana ametwaa". Mimi ni katibu wa jumuiya, wasifu hizo nimezisoma kwa mdomo wangu, na nimekaa kwenye misiba ya madhehebu mengine nikasikia hivyo hivyo.

Hoja yangu ni hii. Kanisa na msikiti ndipo mahali ambapo kifo husemwa mbele ya watu wote, mkubwa kwa mdogo, msomi na asiyesoma. Wakati ule kilipohitaji kusemwa kuliko siku zote, tukakifunika. WHO walishatangaza Mei 2023 kwamba dharura imekwisha, lakini bado nakutana na wajane ambao hawajawahi kutamka mbele ya mtu mume alikufa na nini. Paroko anajua, majirani wanajua, hakuna anayeanza.

Ilikuwa hofu ya serikali? Ilikuwa imani? Au ndivyo tulivyo? Na kwenu ilikuwaje?

#2 Nyundo_ya_Ilala

Hofu, mkuu. Usitafute mbali. Machi 2020 ilishaelekezwa kwamba habari za corona zitolewe na Waziri Mkuu, Waziri wa Afya na Msemaji Mkuu wa Serikali, basi. Mwishoni mwa Aprili takwimu zikasimama kwenye wagonjwa 509 na vifo 21. Ulitaka katekista wa Marangu ndiye asimame atangaze wa 22?

#3 Takwimu_Safi

#2 rekebisha kidogo. Tarehe 29 Aprili ilikuwa 480. Hiyo 509 imepatikana baada ya Zanzibar kuongeza za kwao mwanzoni mwa Mei. Mengine sina ubishi nayo.

#4 BintiWaMakunduchi

Salaam alaykum jamani. Kaka #1, msikiti usiutie kapu moja na kanisa. Sisi hatuna wasifu. Mtu akifa alfajiri, alasiri keshalala kaburini. Watu wanauliza anasaliwa msikiti gani na baada ya sala ipi, hawaulizi kafa na nini. Anayemwosha maiti anajua mengi aliyoyaona mwilini, na kufundishwa kwake kote ni kusitiri. Atakayemsitiri maiti ameahidiwa msamaha. Sasa imamu aende mimbarini ataje maradhi ya mtu? Hiyo kwetu si kuficha, ni adabu, na ilikuwapo kabla ya corona kwa karne nyingi.

#5 Mwinjilisti_Uyole

Mimi nasema kutoka upande ambao hautatajwa hapa kama sisi wenyewe hatutautaja. Nimehudumu kwenye kanisa la kiroho Mbeya. Machi 2020 madhabahuni tulihubiri kwamba kirusi hakiwezi kukaa penye damu ya Yesu. Mkuu wa nchi, Rais Magufuli, naye akasema kutoka kanisani Dodoma kwamba nyumba za ibada hazitafungwa, maana huko ndiko kuna uponyaji. Aprili tukafunga na kuomba siku tatu, tarehe 17 hadi 19, kitaifa. Mei tukafanya siku tatu nyingine za shukrani kwamba Mungu amejibu.

Haya. Februari 2021 mwimbaji wa kwaya anakufa kwa kukosa hewa, kisha mzee wa kanisa. Utasema nini? Ukisema corona, waumini watauliza: ile shukrani ya Mei ilikuwa ya nini? Au watasema marehemu alikuwa na imani haba, na mkewe amekaa benchi la mbele anasikia. Serikali hata haikuhitaji kutukataza, tulikuwa tumeshajifunga kwa mahubiri yetu wenyewe.

Simlaumu aliyeomba. Niliomba na bado naomba. Ninachosema ni kwamba hatukuwa na mahubiri ya mtu mwenye imani aliyeombewa na akafa.

#6 Nyundo_ya_Ilala

#5 nimekuelewa ila bado umezunguka palepale. Hofu ni hofu tu, iwe ya serikali au ya waumini.

#7 Sista_wa_Zamu

Nilikuwa wodini kanda ya ziwa kipindi chote. Ndugu zangu mnajadili kana kwamba kila mtu alikuwa na jibu mfukoni akakataa kulitoa. Wengi hawakupimwa. Daktari alikuwa anaandika nimonia kali kwa sababu nimonia ndiyo aliyoiona kwenye picha ya kifua. Ndugu wanapewa karatasi ya nimonia, paroko anasomewa nimonia. Ataje kitu gani zaidi? Kuna familia hadi leo hazijui, na haziwezi kujua tena.

Nitawaambia kilichokuwa kinazungumzwa ndani, maana nje hakikufika. Wagonjwa walikuwa wanauliza habari za kufa waziwazi kuliko ndugu zao. Mzee mmoja Mkatoliki alitaka Mpako wa Wagonjwa na padri hakuruhusiwa kuingia. Akasali akiwa nje ya dirisha, mimi nikashika simu sikioni kwa mzee ili asikie. Kulikuwa na mama Mwislamu, hali ilibadilika usiku, ndugu wako mbali. Nilimwita dada wa usafi, naye ni Mwislamu, akavaa gauni na barakoa akaingia, akawa anamtamkia shahada taratibu na yule mama anafuatisha midomo. Hakuna imamu wala shekhe aliyekuwapo. Yule dada ndiye aliyefanya kazi yote, na sidhani kama msikiti wake unalijua hilo hadi leo.

#8 BintiWaMakunduchi

Allah amlipe dada huyo. Nimeisoma post yako mara mbili.

#9 Jaduong_Milambo

Poleni ndugu. Kwetu Kenya shida ilikuwa kinyume. Ilisemwa sana! Kila jioni Wizara inasoma idadi, kaunti kwa kaunti. Kanisa zikafungwa mwaka mzima, mazishi watu 15, polisi wamesimama kando ya kaburi. Mnakumbuka yule mwenzetu wa Siaya Aprili 2020 alivyozikwa usiku wa manane, bila jeneza, na watu waliovaa zile nguo nyeupe? Video ilizunguka nchi nzima. Mjaluo kuzikwa vile! Kwetu maiti hulala nyumbani, kuna kesha, kuna wageni kutoka kila pembe. Ugonjwa ulitajwa, lakini maombolezo yenyewe hayakupewa nafasi. Kwa hivyo bwana Katibu usifikiri kutaja peke yake ni dawa.

#10 Takwimu_Safi

#9 si mwaka mzima. Machi 2020 zilifungwa, Julai zikafunguliwa kwa masharti ya baraza la madhehebu lililoongozwa na Askofu Mkuu Anthony Muheria: watu wasiozidi 100, ibada ya saa moja, walio chini ya miaka 13 na waliozidi 58 wabaki nyumbani.

#11 Jaduong_Milambo

Sawa mwalimu, nimekubali. Lakini mama yangu alikuwa na 71, kwa hivyo kwake ilikuwa kufungwa tu. Aliuliza chifu, kama Mungu ameweka kikomo cha umri basi awaambie mapema.

#12 MzeeWaKamachumu

Vijana, shikamooni mnazonipa nazipokea hata kabla hamjazileta.

Haya mambo mimi nimeyaona mara mbili. Kagera, miaka ya themanini. Ukimwi uliingia kwetu 1983, tukauita Juliana, jina la vitambaa vya magendo vilivyokuwa vinatoka Uganda. Nyumba kwa nyumba watu walikwisha. Makanisani tulisoma "aliugua kwa muda mrefu". Kila mtu alijua maana yake, na kila mtu alijifanya hajui. Mchungaji alikuwa anazika mume Januari, mke mwaka unaofuata, mtoto mdogo katikati, na mahubiri hayabadiliki: tujiandae, hatujui siku wala saa.

Ilichukua miaka mingi. Unajua nani alivunja ukimya huo? Haukuvunjwa na maaskofu. Ni waliokuwa wanaumwa wenyewe walioanza kusimama katika ibada na kusema. Akisimama mmoja, Jumapili nyingine wanasimama wawili. Corona haikutupa nafasi hiyo kwa sababu mgonjwa alikuwa anakufa ndani ya wiki. Hakuna aliyebaki wa kusimama akasema "mimi ninao". Hilo ndilo jibu langu kwa #1. Hofu ilikuwapo nyakati zote mbili, lakini safari hii kasi ilituwahi.

#13 KatibuWaJumuiya

Shikamoo mzee. Hilo la kasi sikuwa nimelifikiria hata kidogo.

Lakini waliopona je? Wapo wengi. Mbona nao hawasimami?

#14 MzeeWaKamachumu

Marahaba. Aliyepona anashuhudia uponyaji, na kushuhudia uponyaji mbele ya mjane ni kazi ngumu. Wengi wanakaa kimya kwa kumhurumia.

#15 Chumbageni_Boy

Wakuu mmesahau nyungu, kule kujifukiza mvuke wa majani. Kwetu Tanga mtaa mzima ulinuka mkaratusi na mchaichai. Mchungaji alifukiza kanisa na watu wakiwa ndani, nilikohoa hadi nikadhani ndiyo yenyewe imenifika.

#16 Sista_wa_Zamu

#15 tulipokea pia waliokuja na majeraha ya moto wa hiyo nyungu. Turudi kwenye mada jamani.

#17 Pemba_Mtambwe

Mnasema hakuna aliyetaja. Maalim Seif, Makamu wa Kwanza wa Rais wa Zanzibar, alitajwa akiwa hai. Chama chake, ACT-Wazalendo, kilitangaza mwishoni mwa Januari 2021 kwamba yeye na mkewe wana corona. Alipofariki Machi watu wa Pemba walijua wanamzika mtu aliyeondoka na nini, na bado walijaa Mtambwe kumzika, na dua zikasomwa. Kutaja hakukumvunjia heshima wala sitara. Dada #4 hapo unasemaje?

#18 Takwimu_Safi

Februari 17, mkuu. Siku moja na Balozi Kijazi, Katibu Mkuu Kiongozi. Machi 17 ni Rais Magufuli.

#19 Pemba_Mtambwe

Ahsante, Februari. Wewe ukifika kaburini utawasahihisha malaika tarehe.

#20 BintiWaMakunduchi

#17 Maalim alikuwa kiongozi, Makamu wa Kwanza wa Rais, afya yake watu wana haki nayo. Na chama ndicho kilichotangaza, si imamu. Mimi nazungumzia mtu wa kawaida, mama muuza urojo. Mtaa ukisikia, nani atanunua urojo kwa binti yake?

#21 Nyundo_ya_Ilala

Hapo sasa dada umegusa. Kwa hiyo si adabu peke yake, ni majirani pia.

#22 BintiWaMakunduchi

Na adabu ni kwa sababu ya majirani, kaka. Sitara imewekwa kwa ajili ya walio hai vilevile.

#23 Parokiani

Kuna jambo halijawekwa mezani. Kanisa Katoliki lilisema. Januari 26, 2021, Rais wa Baraza la Maaskofu Katoliki Tanzania (TEC), Askofu Mkuu Gervas Nyaisonga, aliandika waraka kuwakumbusha watu kwamba Tanzania si kisiwa na ugonjwa upo. Machi, Katibu Mkuu Padri Charles Kitima akasema kwa sauti mbele ya waandishi kwamba ndani ya miezi miwili wamekufa mapadri zaidi ya 25 na masista 60. Sijui taasisi nyingine iliyothubutu kuhesabu wafu wake hadharani wakati huo. Na kabla ya hapo, mwaka 2020, Askofu Niwemugizi wa Rulenge-Ngara alisitisha ibada za hadhara jimboni kwake wakati wengine wote wako wazi.

Kwa hiyo Katibu, sema jumuiya yako ilinyamaza, usiseme kanisa.

#24 KatibuWaJumuiya

Waraka niliusoma, na nilisimama wima siku ulipotoka. Lakini angalia hata hapo: kilichosemwa kuhusu masista 60 ni kwamba walikuwa na shida ya kupumua. Waraka ulikuwa wa kutulinda tusife, unawe, uvae barakoa, ukae mbali. Ulikuwa wa lazima. Mimi ninaulizia waliokwisha kufa. Ni nani aliandika waraka wa kutufundisha jinsi ya kuwalilia?

#25 Parokiani

Hilo nakupa. Masista 60! Mtu akitaka kuelewa, afikirie shule na zahanati zilizokuwa zinaendeshwa na mikono hiyo.

#26 Mwana_Beni

Jambo kwenu wote. Mimi niko mtu wa Beni, Kivu ya Kaskazini. Sisi corona ilitukuta bado tuko ndani ya Ebola, ile iliyotangazwa Agosti 2018 ikamalizika tarehe 25 Juni 2020, zaidi ya watu 2,200 walikufa. Nataka niseme juu ya mazishi maana hapo ndipo tulijifunza kwa uchungu.

Mwanzoni wale wa timu walikuja wanachukua mwili, wanafunga ndani ya mfuko, wanaenda kuzika. Familia haioni. Watu wakasema mfuko hauna kitu, wakasema viungo vimeuzwa. Walirusha mawe. Baba pasta alisimama kusema Ebola iko kweli, watu wakasema naye amelipwa. Kisha mambo yakabadilika: wakaleta mifuko yenye sehemu ya kuonesha uso, wakaacha familia ichague mmoja wao avae zile nguo abebe, wakaacha mchungaji asimame kwa umbali asali mpaka amalize. Mawe yakapungua. Ebola ilikuwa inatajwa toka siku ya kwanza na hakuna aliyeamini. Waliamini walipoona uso.

Kwa hiyo mimi niko na ndugu wa #9. Anza na uso na mikono, maneno yatafuata.

#27 Jaduong_Milambo

Mwana Beni umesema vile nilitaka kusema nikashindwa. Mjaluo na Mnande wa huko Beni ni ndugu kumbe.

#28 MamaSwabra_Majengo

Nimesoma yote kutoka juu. Mimi mjane, Mombasa, mwaka 2020.

Mume wangu hakuoshwa na wanawe. Alifanyiwa tayamamu, ile twahara ya udongo badala ya maji, juu ya mfuko, akasaliwa na watu wachache makaburini, mimi niko nyumbani. Mashekhe walituambia inafaa, na nimeridhika kwamba inafaa. Kisha nikakaa eda miezi minne na siku kumi. Wanawake mnaojua eda mnajua nyumba huwaje: mikeka imetandikwa, jirani huyu kaleta uji, yule kaleta mahamri, bibi zangu wanasoma Yasini, shangazi anakwambia lala kidogo mimi nitakaa. Mimi niliketi na binti yangu na kafyu. Rambirambi zilikuja kwa simu. Mtu anakutumia pesa na ujumbe wa Inna lillahi, wala hujui ameandika akiwa amekaa au anapika.

Ugonjwa wake ulitajwa na kila mtu, maana Kenya ilitajwa. Haukunisaidia kitu. Sina haja shekhe aseme corona mimbarini. Nilikuwa na haja ya watu.

#29 KatibuWaJumuiya

Pole sana mama. Sina la kukujibu.

#30 Mwinjilisti_Uyole

Mama Swabra, marafiki wa Ayubu walipofika waliketi naye chini siku saba mchana na usiku, hakuna aliyesema neno. Walipofungua midomo ndipo walipoharibu. Nadhani tungeanza na zile siku saba. Pole mama.

#31 Muscat_Mswahili

Huku Oman misikiti ilifungwa Machi 2020, ya sala tano ikafunguliwa Novemba. Sisi tuliofiwa nyumbani tulikuwa tunajikusanya watu wa nyumba moja tunasali sala ya ghaibu, ya maiti aliye mbali, sebuleni, kwa kuwa wengi wetu ni Mashafii na inajuzu. Kilichoniuma ni kusikia ndugu wanasema anayekimbia maradhi amekimbia kadari ya Mungu. Abu Ubayda mwenyewe, sahaba wa Mtume, aliikimbia tauni ya Amwas!

#32 Ustadh_Mnyonge

#31 hapana akhi, umegeuza. Abu Ubayda hakukimbia, alibaki Shamu na jeshi lake na akafa kwa tauni hiyo hiyo, mwaka wa 18 Hijria. Aliyerudi ni Khalifa Umar, alipofika Sargh njiani kwenda Shamu akapata habari za tauni. Abu Ubayda ndiye aliyemuuliza, unakimbia kadari ya Mwenyezi Mungu? Umar akajibu, tunaikimbia kadari ya Mwenyezi Mungu kuiendea kadari ya Mwenyezi Mungu. Kisha Abdurrahman bin Auf akaleta hadithi: mkisikia iko mahali msiingie, na ikiwakuta mahali msitoke.

Na faida ya kisa hiki kwa mada yetu ni kubwa. Hao wawili walitofautiana hadharani kuhusu kufa na wote tunawaradhia. Na tauni ilitajwa kwa jina, na Mtume ﷺ amesema ni shahada, yaani kufa shahidi, kwa kila Mwislamu. Dada #4 kasema kweli kuhusu kusitiri, ila kusitiri ni kwa aibu. Aliyekufa shahidi unamsitiri nini? Ningekuwa imamu ningesema: huyu amekufa kwa ugonjwa wa mlipuko, na tunataraji ana daraja ya shahidi. Mama Swabra angepata neno la kushika.

#33 BintiWaMakunduchi

Ustadh, wapo wanazuoni wanaosema ile ni ya tauni yenyewe tu, kuipeleka kwa kila maradhi ni kukisia.

#34 Ustadh_Mnyonge

Wapo, na wapo walioitanua. Ndiyo maana nimesema tunataraji.

#35 MamaSwabra_Majengo

Niliambiwa hilo la shahidi na mtu mmoja kwa simu, ndugu yake mume wangu. Ndilo pekee nililolikumbuka katika yote yaliyosemwa. Ustadh, shukran.

#36 Nyundo_ya_Ilala

Mimi nina wazo, msinipige. Machi 2021 watu walivyofurika Uwanja wa Uhuru kumuaga Rais hadi 45 wakafa kwa kukanyagana: naamini wengi pale walikuwa wanalia na wa kwao pia. Mtu kamzika baba yake Januari kimyakimya, hakuweza kulia mtaani. Sasa umepatikana msiba ambao kila mtu ana ruhusa ya kuulilia.

#37 Chumbageni_Boy

#36 hapana. Watu walimpenda Magufuli. Nilikuwapo barabarani, sikumlilia mtu mwingine yeyote. Usiwasemee watu machozi yao.

#38 Sista_wa_Zamu

Mnaweza kuwa sahihi wote wawili. Mimi nililia siku ile na sijui nilikuwa nalia nani.

#39 Kipara_Ubungo

Tunasahau kwamba corona ilitufanyia jambo moja jema: misiba mifupi! Siku hizi asubuhi kanisani, mchana kaburini, jioni watu kazini. Ile ya kulisha mtaa wiki nzima familia inabaki na madeni, imepungua. Mimi napenda iendelee.

#40 MzeeWaKamachumu

Ulikuwa unakula bure wiki nzima kijana, leo umegeuka mchumi.

#41 Kipara_Ubungo

Hahaha mzee, pilau la msibani nililitendea haki. Lakini kwa kweli, madeni ni madeni.

#42 MamaSwabra_Majengo

Ndugu #39, madeni ya chakula nililipa kwa wengine miaka yote nikipeleka sahani zangu. Zamu yangu ilipofika sahani hazikuja. Kufupisha msiba msikufanye kama jambo dogo.

#43 Mwinjilisti_Uyole

Nirudi kwa neno la #1, ilikuwa imani? Kuna swali nililoulizwa na binti wa yule mzee wa kanisa: baba alikosa nini? Nilimpeleka Luka 13, wale 18 walioangukiwa na mnara wa Siloamu. Yesu anauliza, mnadhani walikuwa wakosaji kuliko wengine wa Yerusalemu? Anajibu mwenyewe, la. Binti akaniambia, mbona hilo hamkulihubiri Februari? Mahubiri hayo nimeshayahubiri sasa, mara kadhaa, na kila mara kuna mtu anabaki nyuma ibada ikiisha anataka kusema habari za mtu wake. Nahisi watu walikuwa wanangoja tu mtu wa kuwaambia haikuwa adhabu.

#44 Parokiani

Hiyo ndiyo kazi. Katibu, unafanya nini na uzi wako sasa?

#45 KatibuWaJumuiya

Nina nia hii, naomba mnichambue. Tarehe 2 Novemba ni siku ya Marehemu Wote, majina husomwa. Nataka familia zitakazotaka, waliowapoteza 2020 na 2021 wasomwe pamoja, na isemwe kwamba hawa waliondoka kwa corona. Baada ya misa watu wakae, chai iwepo, kwa ajili ya yale aliyoyasema Mama Swabra.

#46 Sista_wa_Zamu

Kwa wale wasiopimwa usiseme "kwa". Sema walifariki wakati wa corona. Hilo ndilo ninaloweza kuapia.

#47 Nyundo_ya_Ilala

Mkisema hivyo mmerudi kulekule kwa changamoto ya upumuaji! Aliyegongwa na bodaboda Februari 2021 naye alifariki wakati wa corona.

#48 Sista_wa_Zamu

Sitaandika kisicho kwenye karatasi, hata kwa nia njema.

#49 MzeeWaKamachumu

Mwacheni kila mjane aseme mwenyewe kwa maneno yake. Katibu asome jina tu, kisha mwenye mtu asimame aseme anachokijua. Asiyetaka akae. Akisimama mmoja mtaona.

#50 Nyundo_ya_Ilala

Hapo mzee nimekaa. Paroko ameshakubali lakini?

#51 KatibuWaJumuiya

Bado. Namwona Jumapili baada ya misa ya pili. Na nitaanza na familia, nyumba kwa nyumba, kabla ya kumpelekea orodha yoyote.